Core i7 ya Mwaka Gani?

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na herufi moja na tarakimu moja: i na 7.

Zunguka maduka ya kompyuta hapa Dar es Salaam, useme unatafuta kompyuta ndogo ya kuchezea gemu na mfuko wako si mnene. Kabla hujamaliza sentensi, winga atakuwa ameshakushika mkono. Utaingizwa dukani na kuambiwa: "Kaka, hii hapa. Core i7, grafiki GB 4, ina taa." Basi. Hayo ndiyo maelezo yote. Ukiuliza zaidi unatazamwa kama mtu aliyekuja kupoteza muda wa watu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kitu cha kwanza unachofundishwa katika kazi hii ni maswali: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Ukipeleka habari isiyo na "lini", mhariri anakurudishia hata kama umeiandika kwa wino wa dhahabu. Sasa mimi nasema hivi, na mtu aje anipinge: kompyuta inayouzwa bila "lini" nayo irudishwe kaunta. Anayekuuzia "Core i7" bila kukutajia mwaka wake anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limepambwa taa za rangi ili usisikie mbuzi hayumo.

Kinachonishangaza ni kwamba Watanzania hatuna uzembe huu kwenye mambo mengine. Nenda kanunue gari. Hata mtoto wa shule ya msingi atauliza: "Ni namba gani? C, D au E?" Hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipia gari kwa kuambiwa tu "ni Toyota." Toyota ya lini? Imetembea kilomita ngapi? Injini ipi? Tunafungua boneti, tunaita fundi, tunapiga chafya kwenye injini. Lakini tukifika kwenye kompyuta tunaambiwa "i7" na tunatoa pesa. Wengine hata jina la kitu hatulijui sawasawa. Boksi zima tunaliita "sipiyu", kumbe CPU ni prosesa, kipande kidogo kinachokaa kwenye kiganja cha mtoto, na ndani ya boksi kuna vitu vingine vitano vya kuulizia.

Haya, twende taratibu.

Jina Core i7 lilianza kutumika mwaka 2008. Intel waliendelea kulibandika kwenye prosesa zao kizazi baada ya kizazi, mpaka cha 14 mwaka 2023, ndipo wakaanza kuhamia majina ya Core Ultra. Kwa hiyo mtu anayekwambia "hii ni i7" amekwambia kwamba prosesa hiyo ilitoka mahali fulani ndani ya miaka 15. Hiyo si taarifa, hiyo ni ramli.

Chukua mfano wa kweli. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011. Core i3-12100 ilitoka Januari 2022. Zote mbili zina viini 4, zote zinaendesha nyuzi 8 za kazi kwa wakati mmoja. Kwa macho ya mnunuzi wetu, ya kwanza ni "i7" kwa hiyo ni mfalme, ya pili ni "i3" kwa hiyo ni ya mwanafunzi wa kuchapa barua. Sasa angalia ndani. i7 hiyo inatumia RAM ya DDR3 ya kasi ya 1333, i3 inatumia DDR4 ya 3200 au hata DDR5. i7 imepangiwa wati 95, i3 imepangiwa wati 60 za msingi. Na kila kiini cha ile i3 kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa, kwa sababu kati yao kuna miaka 11 ya wahandisi kukesha. Kwenye gemu, "i3 ya mwanafunzi" inamwacha mfalme kwenye mataa. Hata Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6 na wati 65, inamshinda huyo mfalme.

Kusoma kizazi si elimu ya chuo kikuu. Angalia namba baada ya kistari. i7-2600 inaanza na 2, ni kizazi cha 2. i5-8500 inaanza na 8, ni kizazi cha 8. i3-12100 inaanza na 12, ni kizazi cha 12. Ukikuta tarakimu tatu tu, kama i7-870, hicho ni kizazi cha kwanza kabisa. Mpishe apite, ni mzee wa watu. Somo limeisha, limechukua sekunde 20. Muuzaji anayekwambia hilo ni jambo gumu sana kwa mteja anajua anachokificha.

Tuje kwenye "grafiki GB 4". Hapa ndipo wizi unapovaa suti.

GB 4 ni ukubwa wa ghala la kumbukumbu kwenye kadi. Haisemi ghala hilo lina mlango mpana kiasi gani, wala lina vibarua wangapi. Kuna kadi inaitwa GT 730, ya mwaka 2014. Iliuzwa pia katika matoleo yenye GB 4 za DDR3. Matoleo hayo ya DDR3 yanapitisha data kati ya GB 14 na GB 29 kwa sekunde, kutegemea toleo. Kuna kadi nyingine inaitwa GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016. Nayo ina GB 4, lakini inapitisha GB 112 kwa sekunde. Na GTX 1650 ya mwaka 2019, GB 4 vilevile, toleo la kwanza linapitisha GB 128 kwa sekunde. Zote tatu ukiziandika kwenye kikaratasi cha dukani zinasomeka sawa: "GB 4". Moja itacheza mpira wa kompyuta wa miaka hii, nyingine itakuonyesha picha za mnato za Haaland akiwa amesimama hewani.

Sitanii. EA walipotoa FC 24 mwaka 2023, kadi ya NVIDIA waliyoitaja kama kiwango cha chini kabisa ilikuwa hiyo GTX 1050 Ti. Kiwango cha chini, wadau. Mlango wa kuingilia, wala si kiti cha VIP.

Mtaani kwetu yupo kijana anaendesha bodaboda. Aliweka akiba miezi mingi, akafikisha laki saba na nusu. Alitaka kufungua kibanda cha gemu: vijana wanakaa wawili wawili, wanalipia mechi. Alitaka kompyuta ndogo, na sababu yake ilikuwa ya maana kuliko sababu zote nilizowahi kusoma kwenye kurasa za Wazungu. Kibanda ni cha mabati, mlango ni wa kufuli moja, kwa hiyo kila usiku lazima kompyuta ibebwe kwenye begi irudi nyumbani. Kwake udogo ulikuwa ndiyo bima yake.

Akaenda duka moja mjini. Akauziwa "Core i7 ya gemu, grafiki GB 4, ndogo, ina taa." Alipoileta tukaifungua: i7-2600 na GT 730 ya DDR3. Pawa saplai haina jina la mtu wala la kampuni. Akairudisha dukani kesho yake. Unajua aliambiwa nini? "Si ulitaka i7? Hiyo si i7? Si tulikwambia GB 4? Hizo si GB 4?"

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kila neno alilosema muuzaji yule lilikuwa kweli. i7 ipo. GB 4 zipo. Taa zinawaka. Ameuza uongo uliotengenezwa kwa maneno ya kweli matupu, na kijana hakuwa na pa kushika kwa sababu risiti yake iliandikwa neno moja: "kompyuta". Laki saba na nusu, neno moja. Kile kibanda mpaka leo hakijafunguliwa.

Sasa nisije nikaonekana napiga kelele tu bila kusema mtu afanye nini. Ukitaka kompyuta ndogo ya gemu kwa pesa kidogo, njia za kweli ninazozijua ni mbili, na ya tatu ni mtego.

Njia ya kwanza ni mtumba wa ofisi. Kuna kompyuta nyembamba za mezani zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni ndogo, ni imara, na zikizeeka maofisini zinauzwa kwa bei ya kutupa. Humo ukiweka kadi ya grafiki ya nusu kimo isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, una mashine ya gemu. Siri iko kwenye namba moja: 75. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 kwa juu kabisa. Pawa saplai za mashine hizi nyembamba ni za wati mia mbili na kidogo hivi, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hiyo unatafuta kadi inayoishi ndani ya wati 75: GTX 1050 Ti, GTX 1650 zile zisizo na tundu la waya, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, ambayo ni ya wati 70. Zote hizo zimetengenezwa pia katika umbo la nusu kimo.

Tahadhari mbili. Ipo kadi ya AMD inaitwa RX 6400, ya mwaka 2022, wati 53, inapendeza kwa macho. Lakini imeunganishwa kwa njia 4 tu badala ya 16, na ilitegemea kasi ya PCIe 4.0. Ukiitia kwenye mashine ya ofisi yenye PCIe 3.0 inapoteza sehemu ya nguvu zake. Ya pili: pima nafasi kwa rula kabla ya kulipa. Kadi nyingine ni nusu kimo lakini unene wake ni wa sloti mbili, na si kila kasha lina nafasi hiyo. Na zile ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu, zinazotumia adapta ya nje kama ya laptop, nyingi hazina mahali pa kuweka kadi. Ukizinunua kwa ajili ya gemu nzito umejifunga mwenyewe.

Lakini mtumba wa mwaka gani? Tumerudi kwenye "lini" yetu. Mimi nasema usishuke chini ya kizazi cha 8, na sina sababu ya mbwembwe. Oktoba 14, 2025 Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Ndiyo maana maofisi ya Ulaya na Marekani yalikuwa na kila sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7. Wanazitoa kwa sababu kwao zimekufa kikazi. Zikishuka kwenye kontena bandarini, hapa zinafufuka na kuitwa "i7 kali kutoka Uingereza". Na kwa mchezaji si suala la usalama tu. Gemu kama Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, haikubali kufunguka bila TPM 2.0 na Secure Boot. Utakuwa na i7 yako ukutani kama picha ya babu.

Njia ya pili ni kuunganisha mwenyewe kwa prosesa yenye grafiki ndani yake. Hapa AMD wana heshima yao. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina viini 6, wati 65, na grafiki ya ndani inayocheza gemu nyepesi na za kati kwa mipangilio ya chini: GTA V, eFootball, Valorant. Hununui kadi leo, unainunua mwakani pesa ikipatikana. Sharti lake ni moja na halina mjadala: RAM iwe vipande viwili. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya mashine, na RAM ya kipande kimoja ni barabara ya njia moja. GB 8 mara 2 inashinda GB 16 mara 1. Muuzaji akikuwekea kipande kimoja akisema "si zote ni GB 16?", mwambie hata Barabara ya Morogoro ni barabara moja, lakini idadi ya njia inahusu.

Na kwenye RAM muwe macho zaidi sasa. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zimepanda vibaya duniani, kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili unde. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza hata kuachana na biashara ya Crucial, jina lililouzia watu wa kawaida RAM na SSD kwa miaka mingi. Maana yake kwako ni hii: mashine ya mtumba iliyokuja na GB 16 za DDR4 ndani ina mali tumboni. Ihesabu RAM yako dukani, na uihesabu tena baada ya "fundi" kuipeleka nyuma kuipulizia vumbi.

Sasa ule mtego: kununua udogo kwa ajili ya uzuri. Kuna mazabodi za Mini-ITX, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, sentimita 17 kwa 17. Ni kazi nzuri ya uhandisi, siibezi. Lakini kwa kawaida Mini-ITX ina sloti moja ya kadi na nafasi mbili za RAM, na bado inauzwa bei ya juu kuliko Micro-ATX yenye sloti zaidi na mara nyingi nafasi nne. Inataka kasha lake dogo, pawa saplai yake ndogo ya SFX, na feni yake fupi, na kila kimoja kina bei ya "udogo". Mwenye pesa anunue, ni pesa yake. Mwenye bajeti ndogo akifanya hivyo anakuwa ametoa hela ya kadi ya grafiki kulipia sentimita saba za mazabodi. Micro-ATX ni sentimita 24.4 kwa 24.4. Tafuta kasha fupi la kuitosha, na hizo sentimita saba utazisahau mechi ya kwanza ikianza.

Sheria yangu ya mgawanyo ni rahisi, na haijali dola imepanda au imeshuka. Kama unatumia kadi ya grafiki, hiyo ndiyo ichukue fungu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Prosesa ije ya pili. SSD ya kawaida ya SATA inatosha kabisa, maana tofauti yake na NVMe ukiwa ndani ya gemu ni ndogo, wakati tofauti yake na ile diski ya kuzunguka ni usiku na mchana. Na kitu ambacho kamwe usikibanie ni pawa saplai.

Ndiyo, pawa saplai. Kile kitu ambacho hakuna winga anayekitaja. Umeme wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi. Kwenye ukuta mnajua wenyewe. Unakatika, unarudi kwa kishindo, taa zinapepesa. Halafu unaweka kati ya ukuta na mali yako boksi la bati jepesi lililoandikwa "500W". Fanya hivi: geuza ubavu, soma stika, tafuta mstari wa volti 12. Zidisha volti kwa ampia. Ukikuta 12V 18A, hiyo ni wati 216 kwenye mstari ambao ndio hasa unalisha prosesa na kadi. Zile 500 ni za kwenye boksi tu. Wala nembo ya 80 Plus isikufunge macho. Ile inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea njiani kama joto, haipimi kama kifaa kitailinda mazabodi yako umeme ukirudi kwa hasira. Kama ni mtumba wa Dell au HP, pawa saplai ya asili ya ofisi ni bora kuliko takataka yoyote mpya yenye namba kubwa, na vilevile jua kwamba nyingi zina soketi za kwao peke yao. Mtu asikudanganye kwamba atakubadilishia kwa yoyote.

Joto nalo. Kasha dogo ni chumba kidogo, na Dar ya Januari na Februari si Stockholm. Prosesa ikipata joto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Unaweza kulipia kasi ambayo mashine yako haitaifikia mchana hata siku moja. Ndiyo maana wati chache ni hoja ya msingi kwenye kompyuta ndogo, na ndiyo maana ile "i7" ya wati 95 ndani ya kasha jembamba ni jiko la mkaa.

Najua majibu yatakayokuja, ngoja niyamalize hapahapa.

La kwanza: "Wateja wenyewe ndio wanaotaka i7." Kweli, wanataka. Nani aliwafundisha? Mteja hakuzaliwa akiijua i7. Aliikuta kwenye tangazo, kwenye kibao cha duka, kwenye mdomo wa winga. Huwezi kumfundisha mtu ujinga kwa miaka 15 halafu ukajitetea kwamba unahudumia matakwa yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine nzuri haina shida ya kutajiwa mwaka wake.

La pili: "Si anunue tu PlayStation?" Kama anachotaka ni mpira peke yake, sawa, anunue, sina ugomvi. Lakini yule kijana wa bodaboda alitaka mashine moja ambayo mchana inaingiza hela ya mechi, jioni inachapa barua za watu na kuhariri video za send-off, na mtoto anasomea. Kwa mtu wa kipato chetu kompyuta ya gemu ni kompyuta tu yenye nguvu. Msimwambie anunue toy.

La tatu, na hili linatoka kwa watu wazima wenye heshima zao: "Gemu ni anasa, aliyeibiwa kwenye anasa asilie." Shikamooni wazee. Pesa iliyotafutwa juani ni pesa. Sheria haijasema muuzaji anaruhusiwa kudanganya mradi bidhaa ni ya starehe.

Na kuhusu sheria, tunazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, iliundwa kusimamia hilo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Someni tena: kwa maelezo. Sasa kama maelezo kwenye risiti ni neno "kompyuta", basi hata boksi lenye mazabodi iliyokufa ni kompyuta. Risiti fupi ndiyo ngao ya tapeli. Inampa uhalali wote na wewe inakuacha na neno moja.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo sana, na nakidai hadharani. Kila muuzaji wa kompyuta aandike kwenye risiti, au kwenye karatasi iliyogongwa muhuri wa duka, mambo sita: jina kamili la prosesa pamoja na namba yake yote, jina kamili la kadi ya grafiki, si GB zake, RAM ni GB ngapi, vipande vingapi, DDR ya ngapi, diski ni SSD au ya kuzunguka, pawa saplai ni ya nani na ya wati ngapi, na mpya au mtumba. Mistari sita. Haiongezi gharama hata ya shilingi kumi. Asiyetaka kuiandika ameshakujibu swali lako.

FCC wanaokagua bidhaa bandia madukani waanze kuuliza na hili. Na nyie wanunuzi msisubiri FCC. Nendeni dukani na flashi yenye CPU-Z na GPU-Z. Ni programu za bure, zinasoma prosesa na kadi kwa majina yake halisi. Tangu 2018 GPU-Z inazitambua kadi nyingi za kughushi, zile za zamani zilizovalishwa jina la kadi mpya, na inaandika kabisa neno "FAKE". Kama ni Dell, chukua namba ya huduma kwenye stika ya kasha, iandike kwenye tovuti ya Dell kwa simu yako hapohapo kaunta, utaona ilisafirishwa lini kutoka kwa mtengenezaji. Hiyo ndiyo "lini" yako, imetoka kwa mwenye kiwanda, winga hana la kuongeza.

Muuzaji akinuna, mwache anune. Akisema "kaka unachelewesha wateja", mwambie na wewe ni mteja. Akisema hajawahi kuulizwa hivyo, mwambie leo ameulizwa na kesho ataulizwa tena. Mtu mmoja akiuliza anaonekana msumbufu. Watu 50 wakiuliza kwa wiki moja, wiki inayofuata kibao kinabadilishwa.

Core i7? Sawa, nimesikia. Ya mwaka gani?

Ni hayo tu kwa leo. Kazi kwenu.